Mkristo akibanwa, kinachomtoka mdomoni ndicho alicho?

#1 Mwl_Jumapili
Habari wakuu. Kuna jambo linaninyima usingizi, leo siku ya nne.

Jumapili niliwafundisha watoto somo la upole. Nilijiandaa vizuri, hata picha nilichora mwenyewe. Jioni namalizia kazi zangu, mwanangu wa miaka 6 akapita na bilauri ya maji, akajikwaa kwenye waya, maji yote juu ya kompyuta. Neno lililonitoka siliandiki hapa, wasimamizi watalifuta. Sikulifikiri kabisa. Lilikuwa limeshafika nje ndipo na mimi nikalisikia. Mtoto hakulia, alinitazama tu, akaenda chumbani kwake.

Asubuhi yake napita mlangoni, namsikia anamgombeza mdoli. Neno lilelile. Tena si neno tu wakuu, ni ile sauti, ule mkato, hadi ile pumzi niliyoivuta kabla ya kutamka. Mimi mtupu.

Sasa Luka 6:45 inasema "mtu, kinywa chake hunena yale yaujazayo moyo wake." Je, lile neno ndilo lililokuwa limenijaa siku zote, na upole wa darasani ni maandalizi ya somo tu? Au hasira inaweza kumtoa mtu kitu ambacho si chake? Naomba hoja, msinipe "pole mpendwa".

#2 Tabasamu
Pole mpendwa.

#3 Tabasamu
Natania. Nimevuta kiti, nasubiri wenye nondo.

#4 Mti Mkavu
Mleta uzi umeshajijibu. Andiko halikusema "hunena yaujazayo moyo isipokuwa mtu akimwagiwa maji". Kikombe kikigongwa humwaga kilichomo. Kama kulikuwa na maziwa, yasingemwagika mafuta ya taa. Mkono uliokugonga haukuweka kitu ndani, umekutikisa tu.

Najua linauma. Ila naona tunapenda kuita "bahati mbaya" kila kitu kibaya kinachotutoka, na kizuri kinachotutoka tunakiita "mimi".

#5 Fundi Saa
Mti Mkavu, huo mfano wa kikombe nimeusikia kwa wahubiri wasiopungua kumi na wote wanausema kama wameuota jana usiku.

Mimi naona kuna kitu cha tatu katikati ya moyo na kinywa: mazoea. Mimi nilikulia kwenye nyumba ambayo chombo kikianguka, mtu anatukana kwanza, kisha anaokota. Nimeokoka miaka 19. Hadi leo nikijigonga kidole na nyundo neno linalotangulia ni la baba yangu. Sina chuki na nyundo. Ulimi una njia zake ulizozikanyaga zamani, kama mnyama wa mizigo anayejua njia hata mwenye mzigo akilala.

#6 Mti Mkavu
Na huyo mnyama ni wa nani, Fundi?

#7 Fundi Saa
Wa kwangu. Sijakana. Nasema kumiliki mnyama mkaidi si sawa na kuwa mkaidi.

#8 Bint Zebedayo
Naomba tusome mistari ilivyokaa kabla ya kuchukua mmoja na kukimbia nao. Mistari mitatu juu ya Luka 6:45 ni boriti na kibanzi. Yaani maneno yale alipewa mtu ajichunguze, hakupewa kipimo cha kumpimia jirani. Kwa hiyo mleta uzi kajiuliza mahali sahihi.

Pili, neno lilelile lipo Mathayo 12:34. Pale Mafarisayo wanasema Yesu anatoa pepo kwa Beelzebuli, mkuu wa pepo. Wale Mafarisayo hawakuwa wamejikwaa kidole. Walikaa, wakafikiri, wakatoa kauli. Sasa kuichukua kauli iliyosemwa juu ya maneno ya watu waliotulia, ukaibandika kwa mzazi aliyeshtuka, mimi naona ni kulazimisha.

#9 Thomaso wa Pili
Bint, umeishia mstari wa 34. Teremka mpaka wa 36: "Kila neno lisilo maana, watakalolinena wanadamu, watatoa hesabu ya neno hilo siku ya hukumu." Neno la Kigiriki pale ni argon, yaani lisilofanya kazi, la kupotea njiani tu. Hilo ndilo hasa neno la kushtukiza. Maneno yaliyopangwa mtu ameyapiga pasi. Yale yasiyolindwa ndiyo yanayosema ukweli.

#10 Bint Zebedayo
Hapo umenipata kidogo. Kidogo.

#11 Mlinda Mlango
Nyie mnabishana matusi, mimi nina kesi ya maneno matamu.

Bosi wangu anafungua kila kikao kwa maombi. Hajawahi kumtukana mtu, sauti yake haijawahi kupanda. Anasema "ndugu yangu" hata kwa mlinzi. Mishahara inachelewa miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Siku moja nikajipa moyo nikaingia ofisini kwake kuuliza. Akasimama, akafunga mlango, akaniwekea mkono begani, akaniombea uvumilivu. Dakika kama nne hivi. Nikasema Amina, nikatoka. Nilipofika kwenye ngazi ndipo nikakumbuka sijajibiwa.

Sasa kwa kipimo cha kinywa yule ni malaika. Kwa Yakobo 5:4, ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Nani ana moyo mbaya, yeye au huyu mama wa kompyuta?

#12 Tabasamu
"Nilipofika kwenye ngazi" 😂😂 Mkuu nimecheka hadi nimeulizwa kuna nini.

#13 Mzee Kigoda
Vijana, shikamooni sitegemei, nasoma tu. Huyu wa ngazi amegusa penyewe. Yesu alitoa habari ya wana wawili, Mathayo 21. Mmoja alimwambia baba yake "sitaki", kisha akaenda shambani. Wa pili akasema "naenda, Bwana", asiende. Swali aliloulizwa kila mtu pale ni moja: yupi aliyafanya mapenzi ya baba? Hakuuliza nani alijibu vizuri.

Wa kwanza alimjibu baba yake kwa ufidhuli mkubwa. Mimi mwanangu akinijibu hivyo siku hiyo hatulali vizuri. Lakini jembe lilishikwa na yeye.

#14 Thomaso wa Pili
Shikamoo Mzee. Nyongeza ndogo tu, nakala za kale za Mathayo hazikubaliani nani alitangulia, aliyekataa au aliyekubali. Ndiyo maana matoleo mengine yamewageuza. Hoja yako haitetereki.

#15 Mzee Kigoda
Marahaba. Ahsante. Kwa hiyo na wanakili nao walijikwaa.

#16 Kimya Kingi
Huwa sichangii ila leo nitasema. Mimi nikikasirika sisemi chochote. Kanisani wananiita mpole, kuna mama aliwahi kusimama kutoa ushuhuda akanitaja kama mfano. Kumbe kichwani kwangu kuna daftari. Nani alisema nini, lini, mbele ya nani. Naweza kukutajia nguo aliyovaa mtu aliyenidharau miaka minane iliyopita.

Mwl_Jumapili alitoa neno moja likaisha. La kwangu halijawahi kutoka na halijawahi kuisha. Someni 2 Samweli 13:22, Absalomu hakumwambia Amnoni, ndugu yake aliyemharibu dada yake Tamari, neno jema wala baya. Ukimwona wakati ule ungesema kijana ana kiasi. Baada ya miaka miwili kamili akamwalika kwenye sherehe ya kukata manyoya ya kondoo, akaamuru auawe.

#17 Fundi Saa
Duh.

#18 Tabasamu
Kimya Kingi, mimi na wewe tuko sawa eti? Niliwahi kukujibu vibaya kwenye ule uzi wa kufunga na kuomba.

#19 Kimya Kingi
Uko ukurasa wa 3. Natania. (Siyo sana.)

#20 Mti Mkavu
Kimya, ahsante kwa ukweli huo, lakini umeniongezea nguvu. Kumbe kilichomo kilikuwepo, na kinywa kimefungwa tu. Absalomu naye mwisho moyo wake ulitoka, kwa mkono badala ya ulimi. Moyo una milango mingi, ukifunga huu unatokea ule.

Halafu msisahau Petro. Alipobanwa uani kwa kuhani mkuu, alilaani na kuapa kwamba hamjui mtu yule. Kibano kilionyesha kilichokuwamo, yaani hofu.

#21 Bint Zebedayo
Na saa chache kabla, bustanini, huyohuyo alichomoa upanga akamkata Malko, mtumwa wa kuhani mkuu, sikio la kuume mbele ya kikosi chenye silaha. Hicho nacho kilikuwa kibano. Sasa Petro "halisi" ni yupi, wa upanga au wa uani? Vibano viwili, usiku mmoja, majibu mawili. Ukichagua kimoja uite ndiyo moyo wake, umechagua wewe.

Mimi naona Warumi 7 iko wazi zaidi. Paulo anasema lile asilolipenda ndilo analolitenda. Ndani mna wawili wanaopigana, na siku nyingine anayefika mlangoni kwanza ni yule mbaya.

#22 Thomaso wa Pili
Warumi 7 wataalamu wanagombana kama Paulo anajisema akiwa ameshaamini au anaeleza mtu aliye chini ya torati. Usiitumie kama hati ya nyumba.

#23 Bint Zebedayo
Thomaso wewe unaishi kwa kuninyang'anya mistari.

#24 Nesi wa Usiku
Nimesoma yote kwenye zamu, nimeandika mara tatu nikafuta.

Mama yangu aliongoza maombi ya wanawake zaidi ya miaka 30. Sijawahi kumsikia akimtukana hata kuku. Sasa ana ugonjwa wa kusahau, umeshika ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayomzuia mtu kusema kila kinachopita. Anatukana. Matusi ambayo sijui aliyasikia wapi. Juzi namkausha miguu baada ya kumwogesha, akaniita jina ambalo sitalitaja, akanipiga kikofi kichwani, kisha akamalizia "Amina". Nikaanza wimbo wa kitabuni ili atulie, akaimba beti zote nne bila kukosea neno. Jina langu halijui.

Mti Mkavu, na kikombe chako. Nieleze. Miaka 30 ilikuwa kifuniko na sasa ndiyo namwona mama yangu? Sikuulizi kwa ubishi. Ni swali ninaloondoka nalo kazini kila asubuhi.

#25 Mti Mkavu
Nesi, hapana. Sitasema hivyo. Mgonjwa si mtu aliyebanwa, ni mtu aliyevunjwa chombo. Nakubali mfano wangu haufiki huko.

#26 Fundi Saa
Na kama mfano haufiki huko, lazima useme mpaka wake uko wapi. Maana kukosa usingizi siku tatu nako ni kuvunjika kidogo. Njaa nayo. Maumivu ya mgongo nayo. Nani anachora mstari?

Kuna kisa maarufu cha fundi wa reli wa Marekani, Phineas Gage. Mwaka 1848 baruti ililipuka, nondo ya chuma ikapita chini ya shavu ikatokea utosini. Akapona! Lakini daktari wake aliandika kwamba mtu aliyekuwa mtulivu na mwenye mipango akawa mtukanaji, asiyeshikika. Maisha yake yote yakaharibika.

#27 Tabasamu
Niliposema nasubiri wenye nondo sikuwa na maana hiyo jamani.

#28 Nesi wa Usiku
Tabasamu umenifanya nicheke kwenye wodi, Mungu akuone.

Fundi, kisa ni cha kweli ila mwisho wake umetiwa chumvi, na si wewe uliyetia, hata vitabuni kimo hivyo. Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi inayotaka subira na kupanga. Alifariki 1860. Wachunguzi wa sasa wengi wanaona alirudiwa na sehemu kubwa ya tabia yake. Kwa hiyo hata chuma kichwani hakikuwa neno la mwisho.

#29 Mlinda Mlango
Na bosi wangu hana nondo popote, nimechunguza.

#30 Bint Zebedayo
Narudi kwa mleta uzi. Tunasahau kwamba Biblia ina watu wakubwa walioropoka. Musa ameandikwa kuwa mpole kuliko watu wote, Hesabu 12:3. Sura nane mbele, penye maji ya Meriba, anawaita watu "waasi" na kuupiga mwamba mara mbili. Akakosa kuingia nchi ya ahadi. Hata Paulo: alipopigwa kofi mbele ya liwali Feliki alimwambia aliyeamuru apigwe "Mungu atakupiga wewe, ukuta uliopakwa chokaa."

#31 Thomaso wa Pili
Si mbele ya Feliki. Ilikuwa mbele ya baraza la Wayahudi, Matendo 23, na aliyeamuru apigwe ni Anania kuhani mkuu. Feliki ni sura ya 24.

#32 Bint Zebedayo
Nilijua utakuja. Nimeacha kosa makusudi.

#33 Thomaso wa Pili
😂 Hesabu ya neno hilo utaitoa.

Lakini angalia kilichofuata pale. Wakamwambia unamtukana kuhani mkuu wa Mungu? Papo hapo akajibu kwamba hakujua kuwa ni kuhani mkuu, akataja na andiko alilolivunja. Hakujitetea kwamba alipigwa kwanza, ingawa alipigwa kwanza. Wengine husema alikuwa anakejeli tu, kwamba mtu anayefanya hivi hawezi kuwa kuhani. Mimi nalisoma kama kuomba radhi.

#34 Fundi Saa
Mimi hiyo ya kejeli ndiyo naiamini. Paulo alikuwa na mdomo huyu.

#35 Mzee Kigoda
Niwaulize, mbona wote mnatafuta tunda kwenye kishindo? Sijaona mti unaotoa tunda kwa kupigwa na jiwe. Ukiupiga jiwe, tunda linaanguka, lakini halikuzaliwa pale. Wagalatia 5 inataja matunda tisa ya Roho, na hakuna hata moja linaloiva kwa dakika.

#36 Thomaso wa Pili
Mzee, samahani sana...

#37 Mzee Kigoda
Sema mwanangu.

#38 Thomaso wa Pili
Limeandikwa "tunda", moja. Tisa ni sifa zake.

#39 Mzee Kigoda
Miaka 40 nimefundisha matunda tisa, na nyimbo tumeitungia. Haya. Basi ndiyo afadhali, maana mtu hawezi kusema mimi nimepewa furaha, huo upole muulize jirani.

#40 Mlinda Mlango
Nimemtumia bosi huo ujumbe wa Mzee. Bila maelezo. Alama mbili za bluu.

#41 Tabasamu
Kaombewa mtu tena leo 😂

Na mimi nitoe yangu. Nilirekodi ujumbe wa sauti kumsema mke wa mchungaji, dakika 2 na sekunde 11, nikautuma kundi la maombi la WhatsApp badala ya kwa dada yangu. Nikaufuta kwa wote, lakini watu saba walishasikiliza. Yeye alikuwa wa nane na hakusikiliza, ila aliona "ujumbe huu umefutwa". Jioni akanipigia: "Mpendwa, nimeona umefuta kitu, kuna tatizo nikuombee?" Sijui kama alikuwa anajua. Mpaka leo sijui. Nilisema mtandao ulisumbua.

Kwa hiyo kwenye hesabu yangu lile la dakika mbili ni dogo. La mtandao ndilo linanisumbua, maana hilo hakuna aliyenibana.

#42 Kimya Kingi
Mwambie ukweli.

#43 Tabasamu
Wewe mwenye daftari ndiyo unanishauri?

#44 Kimya Kingi
Ndiyo. Najua kurasa zinavyofanana.

#45 Mti Mkavu
Nimesoma mpaka hapa. Bado nasimama na Luka 6:45, lakini nitarekebisha: kibano kinaonyesha mojawapo ya vilivyomo, hakimalizi orodha. Zaidi ya hapo sitoki. Tukianza kumpa kila mtu cheti cha uchovu, basi hakuna atakayetubu, wote tutaenda kulala.

#46 Fundi Saa
Wengine kulala kungewasaidia kuliko kutubu.

#47 Mti Mkavu
Fundi!

#48 Mwl_Jumapili
Nimerudi wakuu, ahsanteni, nimesoma moja baada ya nyingine. Nesi, nimekuombea kwa jina nisilolijua.

Jana usiku nilikaa kitandani kwa mwanangu nikamwomba msamaha. Nilijiandaa tena kama somo la Jumapili, nikamweleza kwamba lile neno ni baya, mama alikosea, yeye hakustahili kuitwa hivyo, na mdoli naye hastahili. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Na kompyuta imepona?"

Sikujua nicheke au nilie. Sijui pia kama alinisamehe au hata kama alikuwa amebeba kitu. Asubuhi hii mdoli amekalishwa juu ya mto, hajagombezwa, lakini ni mapema.

#49 Mti Mkavu
Swali la mtoto halijajibiwa. Imepona?

#50 Mwl_Jumapili
Inawaka. Kitufe cha kufuta tu ndicho kimekufa. Kwa hiyo huu uzi wote nimeuandika polepole, nikikosea naanza sentensi upya.

#51 Fundi Saa
Usiitupe. Zima, chomoa betri kama inatoka, bandua kifuniko cha kitufe hicho kwa kitu chembamba cha plastiki, pangusa chini yake kwa pamba yenye spiriti kidogo, uache kikauke usiku mzima. Maji ya kunywa au ya sukari?

#52 Mwl_Jumapili
Ya kunywa.

#53 Fundi Saa
Basi kuna matumaini.